Ukuta wa Nyatike usiojua simiti

"Mwalimu, simiti imeisha."

Fundi alisema hayo saa nne asubuhi, mwiko mkononi, msingi wa kibanda changu cha kuku ukiwa umefika magotini. Duka la vifaa hapa Kehancha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mazishi, na jua lilikuwa linaanza kuwa kali. Nikamuuliza kwa utani kama hawezi kumalizia kwa mawe matupu.

Akacheka. "Mwalimu, huo hautakuwa ukuta. Yatakuwa mawe yamepangwa yanangoja mvua."

Nikamwambia upo ukuta wa namna hiyo hapa hapa kaunti yetu ya Migori, mrefu kumpita yeye na mimi, na mvua umeingoja kwa zaidi ya miaka 400. Akadhani namtania. Fundi huyu amejenga Isebania, amejenga Migori mjini, amevuka mpaka akajenga Sirare na Tarime. Thimlich Ohinga, ulipo ukuta huo, hajawahi kufika. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilifundisha historia miaka mingi, nikawakaririsha wanafunzi tarehe za Fort Jesus, kabla sijakanyaga Nyatike kuona kilichojengwa huku kwetu katika karne ile ile ya ngome hiyo.

Thimlich Ohinga iko kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, huko Nyatike, katika nchi kavu ya vichaka na mawe ambako wengine siku hizi huenda kutafuta dhahabu. Jina ni la Kijaluo. Thim ni msitu, lich ni kitu cha kutisha, na ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta wa mawe. Kwa hiyo ni boma la mawe katika msitu wa kuogofya, na anayefika pale jioni ataona walioita hivyo hawakutia chumvi. Mipungate mirefu yenye matawi kama vinara vya mishumaa imesimama ndani na nje ya kuta, na upepo ukipita husikii kitu kingine.

Mwaka 2018, kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kilichofanyika Manama, Bahrain, kiliiingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya UNESCO. Ikawa hazina ya saba ya Kenya katika orodha hiyo, baada ya Ziwa Turkana, Mlima Kenya, mji wa kale wa Lamu, makaya ya Wamijikenda, Fort Jesus, na maziwa ya Bonde la Ufa. Ni orodha ile ile iliyo na makasri ya wafalme wa Urusi kule Saint Petersburg, yaliyoingizwa mwaka 1990. Watu wakisikia hivyo huuliza: boma la wafugaji na kasri la mfalme vinakutania wapi?

Vinakutania kwenye jiwe, nami nitaeleza. Kwanza ukuta wenyewe.

Ukisimama mbali unaona rundo la mawe ya kijivu lililozunguka kama nyoka. Ukisogea ndipo unamwona fundi. Mawe hayakuchongwa, yalichukuliwa kama yalivyo vilimani. Kwa nje kuna safu ya mawe makubwa yaliyochaguliwa ili uso bapa utazame nje. Kwa ndani kuna safu nyingine kama hiyo. Katikati ya safu hizo mbili vimeshindiliwa vijiwe vidogo vidogo, navyo ndivyo vinavyozuia mawe makubwa yasicheze. Nilijaribu kupitisha kidole kati ya mawe mawili upande wa nje. Kiliingia hadi kiungo cha kwanza kikagota kwenye kijiwe cha ukubwa wa yai, kimebanwa hasa, hakitikisiki. Kuna mtu aliyekichagua kijiwe kile, akakigeuza mara mbili tatu mpaka kikakubali kukaa. Hapana udongo wa kushikiza, hapana chokaa.

Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa mita moja au zaidi. Wala hazikunyooka. Zimepinda na kupindapinda, na hapo ndipo ulipo ujanja wake, kwa sababu ukuta mkavu (usioshikizwa kwa udongo wala chokaa) ulionyooka husukumika kirahisi, na uliopinda hujiegemea wenyewe. Fundi wangu wa Kehancha angetoa timazi na pimamaji kabla ya jiwe la kwanza. Hawa walitumia jicho.

Milango ndiyo iliyonipendeza zaidi. Ni mifupi kwa makusudi. Juu yake yamelazwa mawe marefu kuwa linta, na ili upite lazima uiname sana, kichwa mbele, shingo wazi. Kando ya mlango, kwa ndani, pana mahali pa mlinzi. Hebu fikiria: umekuja usiku na wenzako kuchukua ng'ombe wa watu, unaingia mmoja mmoja huku umeinama kama anayetafuta sindano, na mwenye nyumba amesimama pale na rungu. Jeshi halihitajiki.

Maboma makuu pale ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Wanaojua Kijaluo wataona mara moja kwamba majina hayo yanataja kwa nani. Kochieng ni kwa Ochieng. Ndilo kubwa kuliko yote, na ndani yake mna kuta nyingine ndogo zilizogawa mazizi, makazi na nyua. Ardhi yote iliyohifadhiwa ni hekta 21 hivi. Lakini hili si boma la pekee. Watafiti wamehesabu maboma ya namna hii zaidi ya 500 katika eneo lililokuwa likiitwa South Nyanza, mengi yakiwa yamebomoka yakabaki duara za mawe katika mashamba ya mahindi. Thimlich ni kubwa kuliko mengine na limedumu vizuri zaidi.

Nani alijenga? Watafiti wengi wanaona waanzilishi walikuwa watu wa jamii za Kibantu, waliokaa eneo hili kabla Wajaluo hawajaenea upande huu wa ziwa. Waliofuata waliyakuta maboma, wakaingia, wakatengeneza palipobomoka, wakaongeza palipopungua. Wengine wakaja baada yao wakafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mabishano ya baa kuhusu ni kabila gani lenye Thimlich huwa hayafiki popote. Ukuta umeshikwa na mikono ya wengi. Sisi Wakuria nasi tusijifanye wageni katika habari hii: nchi hii yote, kutoka ziwani mpaka Mara, ilikuwa nchi ya ng'ombe wanaochukuliwa na kurudishwa, na kila upande unakumbuka vizuri ng'ombe wake walioibwa kuliko wale ulioiba wenyewe.

Walioishi ndani hawakuwa wakingoja vita tu. Palikuwa na mahali pa kuyeyushia na kufulia chuma, na mavi ya chuma yameokotwa pale. Zimepatikana shanga za kioo, kitu kisichotengenezwa Nyatike, ishara kwamba biashara ya masafa marefu iliufikia msitu huu wa kuogofya. Kuna mawe ya kusagia nafaka. Na kuna mwamba uliochimbwa vishimo vya bao, mchezo ambao Wajaluo wanauita ajua. Nikaweka kidole katika kishimo kimoja. Ni laini ndani kama bakuli lililotumika.

Sasa Urusi. Tsar Peter Mkuu alianza kujenga Saint Petersburg mwaka 1703, mahali pa kinamasi pasipo na jiwe la kutosha. Mwaka 1714 alitoa amri ambayo mafundi wa dunia nzima wangepaswa kuikumbuka: nyumba za mawe zisijengwe mahali pengine popote katika Urusi, ili waashi wote wakose kazi makwao na waende kwake. Mwaka huo huo akaagiza kila meli na kila mkokoteni unaoingia mjini ulipe ushuru wa mawe. Umeleta ngano? Sawa, mawe yako wapi? Watu walikusanywa kwa nguvu kuja kufanya kazi, na maelfu wakafa kwa baridi, njaa na maradhi. Juu ya mawe hayo ndipo warithi wake walipopandisha makasri. Kasri la Majira ya Baridi, lililochorwa na Bartolomeo Rastrelli na kujengwa kati ya 1754 na 1762, lina vyumba zaidi ya 1,000. Malkia Elizabeth wa Urusi aliyeagiza lijengwe alifariki kabla hajahamia.

Mbele ya kasri hilo kuna kitu ambacho ningependa fundi wangu akione: mnara wa Tsar Alexander, nguzo moja ya jiwe jekundu la matale, uliozinduliwa mwaka 1834 kwa ukumbusho wa ushindi dhidi ya Napoleon. Ukiujumlisha wote una urefu wa mita 47 na ushei, na nguzo yenyewe ina uzito wa tani 600 hivi. Haikufungwa kwa chochote chini. Imesimama kwa uzito wake tu. Watu wa mji waliogopa kupita karibu, na husimuliwa kwamba msanifu wake, Mfaransa Auguste de Montferrand, alianza kutembea chini yake kila asubuhi na mbwa wake ili kuwatoa hofu. Basi nguzo ya Tsar na ukuta wa Kochieng vinasimama kwa kanuni moja, jiwe kukalia jiwe. Tofauti ni kwamba nguzo ilihitaji amri ya mfalme na watu kama 3,000 kuisimamisha, na ukuta ulijengwa na watu wa boma moja na jirani zao, bila mfalme wa kuamrisha wala wa kulala ndani.

Kwangu mimi hapo ndipo Thimlich inapoyashinda makasri, na sioni haya kusema hivyo. Kasri linajengwa ili mtu mmoja atazamwe. Ohinga ilijengwa ili watu na ng'ombe wao waamke salama.

Wakazi walianza kuhama mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya kikoloni ilipozuia uvamizi wa ng'ombe, ukuta wa mita nne ukawa kazi isiyo na faida. Watu wakatoka, wakajenga maboma ya wazi yaliyozungushiwa ua wa mipungate na miti. Lakini ramani walitoka nayo. Ingia dala, yaani boma la kizamani la Kijaluo, utazame lango lilipo, zizi lilipo, na nyumba ya mke wa kwanza inavyotazama lango, utaona ohinga iliyovuliwa mawe.

Ukuta mkavu, kinyume na anavyodhani fundi wangu, hauogopi mvua. Maji hupita katikati yake yakaenda zake. Unachoogopa ni mizizi, wanyama wanaokwea, na mtu anayeng'oa jiwe moja kwenda kujengea jiko. Zaidi ya hayo unaogopa upweke. Ulipokuwa na wenyewe, jiwe lililodondoka asubuhi lilirudishwa jioni. Walipoondoka, jiwe likafuatwa na jiwe. Mwaka 2000 eneo hili liliwekwa katika orodha ya kimataifa ya majengo ya kale yaliyo hatarini, na baada ya hapo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yakaanza kazi ya kurudishia kuta zilizolala, jiwe kwa jiwe, kwa namna ile ile ya zamani. Simiti haikuruhusiwa.

Ambaye anadhani chokaa na chuma vingesaidia aende Unguja. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, jengo refu kuliko yote Zanzibar wakati wake, lenye nguzo za chuma na umeme kabla majirani hawajaujua, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wakati mafundi wakilikarabati. Lilikuwa na sultani, likawa na serikali, likawa makumbusho. Jengo lisiposhikwa mkono kila mwaka haliulizi lilikuwa la nani.

Kutoka Kehancha safari inawezekana kwa siku moja ukiamka mapema: matatu hadi Migori, kisha gari au boda boda kuingia Nyatike, na maji ya kutosha kwa sababu kivuli ni kidogo. Walimu wa Kuria wanaopeleka watoto Mombasa kutazama Fort Jesus, usiku mzima ndani ya basi, waanzie hapa. Mkifika, msikwee ukuta kupiga picha, hata kama mwenzenu mwingine amekwea. Na kijiwe chenye ukubwa wa yai mkikiona kimelegea, msikichomoe. Mwiteni mlinzi.

Fundi wangu nimemwahidi kumpeleka. Amekubali, ila amesema kibanda cha kuku tukimalize kwanza, na kwa simiti.