Tuzo za picha: Yampasayo mpigapicha kujua kabla ya kushindana

Mpigapicha aishiye Kabazi, katika eneobunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru, hana haja ya kwenda mbali kutafuta picha ya kushindania tuzo ya kimataifa. Mnamo 2021, mashindano ya World Press Photo yalitoa tuzo ya kwanza, kitengo cha picha moja za viumbe na mazingira, kwa picha iliyopigwa katika Ziwa Baringo, kaskazini mwa Nakuru. Ilionyesha twiga akivushwa kwa chelezo kutoka kisiwa cha Longicharo kilichofurika maji, Desemba 3, 2020. Aliyeipiga, Ami Vitale, ni raia wa Marekani.

Wakenya nao wamewahi kutambuliwa. Boniface Mwangi alituzwa kuwa mpigapicha bora wa habari barani Afrika katika tuzo za CNN na MultiChoice mwaka 2008, na tena 2010. Alijulikana kwa picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliathiri vibaya miji ya Nakuru na Naivasha. Katika tuzo hizo, ile ya upigaji picha ilibeba jina la Mkenya mwingine, Mohamed Amin, aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984 na kufariki katika ajali ya ndege mwaka 1996.

Hata hivyo, picha nzuri pekee haitoshi. Baadhi hushindwa si kwa udhaifu wa picha, bali kwa kukosa kuthibitisha ukweli wake.

Faili asilia

Katika World Press Photo, wanaofika hatua za mwisho hutakiwa kuwasilisha faili kama ilivyotoka kwenye kamera. Mwaka 2015, takriban asilimia 20 ya picha zilizofika hatua hiyo ziliondolewa kwa kuwa kitu kilikuwa kimeongezwa au kufutwa. Kurekebisha mwanga kwa kiasi huruhusiwa. Kuongeza heroe katika picha ya Ziwa Nakuru ni udanganyifu. Kwa hivyo, mpigapicha asifute faili asilia baada ya kumkabidhi mteja nakala.

Maelezo ya picha

Maelezo yaseme ni nani, wapi, lini na katika hali gani. Mwaka huo wa 2015, mshindi mmoja alipokonywa tuzo baada ya kubainika kuwa picha aliyodai kuipiga katika mji wa Charleroi, Ubelgiji, ilipigwa Brussels. Januari 2010, mshindi wa mashindano ya picha za wanyamapori ya makumbusho ya Natural History Museum, London, aliondolewa baada ya majaji kuamini kuwa mbwamwitu aliyempiga picha huenda alikuwa wa kufugwa. Mpigapicha huyo alikanusha.

Haki za mpigapicha

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda picha kwa miaka 50, kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa kutegemea upi ni wa baadaye. Hata hivyo, baadhi ya mashindano huwa na kanuni zinazompa mwandalizi ruhusa ya kutumia kila picha iliyotumwa, hata isiyoshinda, katika matangazo yake bila malipo. Asiyesoma kanuni hizo huweza kutoa bure mali yake ya miaka hiyo yote.

Ada pia ichunguzwe. World Press Photo haitozi ada, ilhali mengine hutoza kwa kila picha.

Wanaopigwa picha

Mpigapicha atakaye kushindana na picha ya mchuma kahawa au ya mtoto wa shule amweleze mhusika, au mzazi wa mtoto, mahali picha itakapoonyeshwa, na apate idhini, ikiwezekana kwa maandishi.

Tangu shindano la 2022, World Press Photo hupanga kazi kwa kanda zilikopigwa, na Afrika ina kanda yake. Picha iliyopigwa Kabazi hushindana kwanza na nyingine za Afrika kabla ya kufika mbele ya majaji wa dunia.