Mwanamke wa Kisangani Asiye na Jina

Ubishi kuhusu mwanzo wa Kisangani huishia kwa mabwana wawili. Wapo wanaoshika kwamba mji ni wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, na wapo wanaosema ni wa Stanley, mpelelezi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa kuwa uliitwa Stanleyville hadi 1966. Wagenia, waliokuwa wakitega migono yao kwenye maporomoko kabla ya yeyote kati ya hao wawili kuzaliwa, hutajwa mwishoni kama pambo la picha za watalii. Mimi ubishi huo unanichosha, na zaidi unaniudhi. Mahali palipouziwa watu, unaulizaje kwanza nani alikuwa mwenye nyumba?

Habari za mwanzo zinajulikana, sitazirefusha. Mwishoni mwa 1883 Stanley alipandisha Mto Kongo kwa meli zake, na kutoka mdomo wa Mto Aruwimi kwenda juu akapita vijiji vilivyochomwa, kimoja baada ya kingine. Akafika kwenye kambi ya wavamizi, watu wa Abed bin Salim wa Nyangwe. Kwa hesabu yake mwenyewe mlikuwa na mateka wapatao 2,300, karibu wote wanawake na watoto. Aliandika kwa uchungu mwingi, kisha akaendelea na safari. Desemba akamwacha Binnie, fundi wa mitambo kutoka Scotland, kwenye kisiwa cha Wana Rusari ili alinde kituo kipya. Mwishoni mwa 1884 Tippu Tip mwenyewe akawasili.

Kinachonikalia moyoni ni kisa cha Agosti 1886. Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Mwingereza, Walter Deane, na msaidizi wake alikuwa Luteni Dubois, Mbelgiji. Mjakazi mmoja alipigwa na bwana wake Mwarabu, akatoroka, akakimbilia kituoni. Waarabu wakamdai. Deane akakataa kumtoa. Vita vikalia kwa siku kadhaa, risasi zikaisha, askari wengi wakapanda mitumbwi wakaenda zao, na kituo kikateketea. Dubois alizama mtoni usiku wa kukimbia. Deane alijificha msituni kwa majuma, akilishwa na wenyeji waliomhurumia, mpaka Coquilhat, ofisa Mbelgiji, alipokuja na meli kumchukua.

Na yule mwanamke? Masimulizi yanamfuata Deane hatua kwa hatua, yanatueleza njaa yake na nguo zake zilizoraruka. Coquilhat alipewa mji mzima, Coquilhatville, ambao leo ni Mbandaka. Mwanamke anatoweka katika sentensi ileile iliyomleta. Hatuambiwi aliuawa, alirudishwa kwa bwana wake, au alijiokoa mwenyewe kwa mara ya pili.

Waandishi wa Ulaya walikifanya kisa hiki kuwa hadithi ya ushujaa wa Deane, mtu aliyekubali kupoteza kila kitu kuliko kumrudisha mtumwa. Sikatai kwamba alikuwa na moyo. Lakini nakataa kwamba vita vile vilitokana na mjakazi mmoja. Chanzo kilikuwa pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa kutoka pwani waliyahesabu maporomoko kuwa yao, chini ya bendera ya Sultani Barghash wa Unguja, na Deane alikuwa amekuja na mizinga kuwawekea mpaka. Tippu Tip hakuwapo, alikuwa safarini kwenda pwani. Aliyemwachia mambo ni ndugu yake, Bwana Nzige, na mtoto wa Nzige, Rashid, ndiye aliyeongoza mashambulizi. Pande zote mbili zilikuwa zikitafuta sababu, na sababu ikaingia mlangoni kwa miguu yake. Kwa hiyo katika kisa kizima mtu mmoja tu alikuwa akipigania uhuru, na hakuwa Deane.

Anayeona ninazidisha atazame kilichofuata. Miezi sita tu baada ya kituo kuchomwa, Februari 1887, Stanley alikaa na Tippu Tip Unguja wakatia saini mkataba. Mfalme Leopold wa Pili alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa kupandisha bendera ya Dola Huru ya Kongo na kuzuia uvamizi wa watumwa chini ya maporomoko. Biashara zake nyingine ziliachwa huru. Ulaya ilipiga kelele kidogo, kisha ikazoea.

Uwali huo ulikuwa na faida yake kwa Leopold. Mwandishi Adam Hochschild ameeleza jinsi dola ilivyonunua uhuru wa watumwa elfu kadhaa kutoka kwa Tippu Tip, na jinsi wale waliokombolewa walivyojikuta wanadaiwa miaka 7 ya uaskari katika Force Publique, jeshi la dola hiyo. Bwana mmoja kapokea fedha, bwana mwingine kapokea mtu. Mei 1893, Tippu Tip akiwa amekwisha rudi Unguja, Rashid alipigana na Wabelgiji hapa maporomokoni na kushindwa meli za ofisa wao Chaltin zilipofika. Vitabu vya shule vya wakoloni viliita ushindi huo mwisho wa utumwa. Watu wa kando ya mto, walioanza kupeleka mpira kwa mtutu wa bunduki, hawakuulizwa wanauitaje.

Nije kwenye vitabu, kwa sababu hapo ndipo dhuluma inapodumu. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, naye Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Ni maandishi mazuri, yenye kasi na mzaha. Ila pembe ndani yake zinapimwa kwa frasila, ilhali watu waliozibeba wanapita kama vumbi la msafara. Mwandishi Conrad alifika hapa Septemba 1890 na kuondoka na giza la riwaya yake. Mwandishi Naipaul mwaka 1979 alitoa riwaya ya mji unaofanana sana na huu, na mtumwa wake, Metty, alimtoa pwani. Wa hapa hakumwona.

Wa hapa alikuwapo. Aliitwa Disasi Makulo, Mturumbu wa kijiji cha Bandio. Alikamatwa akiwa mtoto na wale ambao wenyeji waliwaita Batambatamba. Stanley akamnunua kwa wavamizi, akamchukua hadi Kinshasa na kumkabidhi Swinburne, mkuu wa kituo kule. Baadaye akawa mikononi mwa mmisionari George Grenfell. Alirudi upande wa kwao akiwa mtu mzima, akafundisha na kuhubiri Yalemba, akafariki 1941. Mwanawe, Makulo Akambu, alichapisha habari za maisha yake Kinshasa mwaka 1983, kwa Kifaransa.

Najua pingamizi. Disasi anasema aliyemteka ni Tippu Tip, na Stanley alipokuwa kwenye mto huu mwishoni mwa 1883 Tippu Tip alikuwa hajafika maporomokoni. Ndiyo, tarehe zinamkataa. Lakini mtoto aliyefungwa kamba hakuonyeshwa hati za umiliki wa genge. Alikariri jina kubwa lililotisha mto mzima, na mwaka mmoja baadaye mwenye jina akaja kukalia nchi iliyokwisha tishwa kwa ajili yake. Mimi kilichonisumbua katika kisa chake ni kingine. Wazazi wa Disasi walikuwa hai, na kwao kulikuwa kando ya mto uleule. Aliyemkomboa hakumshusha kwao.

Yaliyofuata yanajulikana, na mengi bado yanauma. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifungua misheni ya Saint-Gabriel mwaka 1897. Lumumba alikuwa karani wa posta hapa kabla ya kuhutubia mji huuhuu Oktoba 1959 na kutiwa mbaroni. Ikaja 1964 na waasi wa Simba, kisha Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 katikati ya mitaa yetu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa makosa yake ya vita nchini.

Nina ombi moja kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani na kwa wachapishaji wa Kiswahili popote walipo. Maisha ya Tippu Tip yanasomwa kwa lugha yetu kwa zaidi ya miaka 120. Maisha ya Disasi Makulo yatafsiriwe kwa lugha hiyohiyo, yapigwe chapa kwa bei ambayo mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, anaiweza, na wazee wa Isangi, Basoko na Yalemba waulizwe majina ya waliochukuliwa kabla nao hawajaondoka.