Ulezi wa wanafunzi: Massey na Mlimani



Massey College ya Chuo Kikuu cha Toronto ilifunguliwa mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza akiwa mwandishi Robertson Davies. Nia ilikuwa wanafunzi wa shahada za juu waishi pale, wale meza moja na maprofesa na wazito wa mjini. Jambo jema, ila wanawake hawakupokelewa mpaka 1974.

Sasa tugeukie nyumbani. Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi hawakungoja kupangiwa walezi. Mwaka 1967 walianzisha USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti. Jumapili walikaa kusoma na kubishana, na mwanahistoria Walter Rodney akawa nao bega kwa bega. Novemba 1969 wakatoa jarida la Cheche. Humo Issa Shivji alichapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa matabaka Tanzania. Novemba hiyo serikali ikapiga marufuku umoja na jarida. Vijana walikuwa wamekwisha kuiva.

Mimi nilipofika ughaibuni, mlezi niliyepangiwa na chuo nilimwona mara moja tu. Aliyenivusha baridi ya kwanza ni mama mmoja wa Mombasa, kwa pilau yake ya Jumapili na maswali yake kuhusu tasnifu yangu.

Toka hapa Pickering hadi mabweni ya Scarborough ni mwendo mfupi wa gari. Watoto wetu wako kule. Tunangoja kupangiwa na nani?

Wasalaam.