Siku ya Kuzaliwa ya Mama: Bandari ya Musoma, Milima ya Tarime na Mwaka wa Mvua



Kila tarehe 1 Julai simu ya mama hulia asubuhi na mapema. Ni ujumbe wa heri ya kuzaliwa. Mama huusoma, huvua miwani, husema, "Ahsanteni, lakini siyo leo." Kwa miaka mingi tulicheka tu. Mwaka huu tuliamua kumuuliza: kama siyo leo, ni lini?

Sisi ni ndugu wawili, tunashona nguo za maharusi hapa Unguja. Marehemu baba alikuwa mtu wa hapa, lakini mama alizaliwa Musoma, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, akakulia kwenye milima ya Tarime karibu na mpaka wa Kenya. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1957. Tarehe hiyo utaikuta kwa watu wengi wa umri wake. Mwandishi asiyejua siku ya mtu huweka siku ya kwanza ya mwezi wa katikati ya mwaka, na mambo yanaendelea.

Tulifunga duka siku nne, tukavuka Dar es Salaam, tukapanda ndege mpaka Mwanza, kisha basi. Ilikuwa zawadi ya kumpumzisha mama, mwisho wa wiki mmoja bandarini na milimani. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Anataka kwenda Umra, na kabla ya kuomba pasipoti alitaka ajue umri wake wa kweli.

Tunajua wapo watakaouliza kuhusu sherehe ya kuzaliwa. Hatukukata keki wala hatukuwasha mishumaa. Tulikwenda kuuliza historia. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa kwa nini anafunga Jumatatu, alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Na mwaka aliozaliwa haukuwa na namba. Unaitwa Mwaka wa Tembo, kwa sababu ndio mwaka Abraha alipoiendea Makka na jeshi lenye tembo. Kuhesabu miaka tangu Hijra kulikuja baadaye, katika ukhalifa wa Sayyidna Omar (R.A.). Kwa hiyo bibi anayekwambia "ulizaliwa mwaka wa nzige" si mtu asiye na kalenda. Kalenda yake ni ya matukio, na ukitaka kuisoma lazima uyajue hayo matukio.

BANDARINI

Ijumaa mchana tulifika Musoma. Mji umekaa kwenye rasi, maji pande zote, na mawe makubwa yamesimama ufukweni kana kwamba mtu ameyapanga. Tulikula samaki karibu na Mwigobero, mahali boti zinapopakia watu wa visiwani, na upepo wa ziwa ukatufanya tujifunge mitandio mara mbili.

Babu yetu alikuwa kuli katika bandari hii, akipakia marobota ya pamba kwenye meli. Alikuwa Muislamu wa mjini, akamuoa bibi, Mkurya wa milimani. Mama anakumbuka maneno yake mawili tu kuhusu kuzaliwa kwake: "Ulikuja na maji," na "Ulikuja na mfungo." Babu alifariki mama akiwa mdogo sana, asipate kumfafanulia.

Baada ya swala ya Alasiri tulimsalimu mzee mmoja aliyefanya kazi na babu. Tulipomwambia "ulikuja na maji", hakufikiri hata kidogo. "Mvua za Uhuru hizo," akasema.

Wanaosoma historia ya ziwa wanazijua. Mwishoni mwa 1961, Tanganyika ilipokuwa inajiandaa kupata Uhuru wa tarehe 9 Desemba, mvua kubwa sana zilipiga Afrika Mashariki. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2. Kwa ziwa kubwa kama lile hayo ni maji yasiyo na hesabu, na kila mji wa pwani yake uliona ufukwe ukiliwa. Mzee anakumbuka wakihamisha mizigo kutoka sehemu za chini, na meli mpya ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka huohuo wa 1961, ikiingia bandarini na watu wakikimbia kuitazama.

"Na mfungo?" tukauliza.

"Ramadhani ya kwanza baada ya Uhuru. Baba yenu mkubwa, namaanisha babu yenu, alituletea tende kazini jioni, akasema amepata mtoto wa kike."

Usiku ule tulikaa na simu tukipiga hesabu. Uhuru uliangukia mwanzoni mwa Rajabu mwaka 1381 Hijria. Ukihesabu Rajabu na Shaabani, Ramadhani iliingia karibu na tarehe 6 Februari 1962, ikaisha wiki ya kwanza ya Machi. Kama mzee alikuwa sahihi, mama hakuzaliwa Julai, wala hakuzaliwa 1957.

Mmoja wetu alikuwa na wasiwasi. Mzee wa miaka zaidi ya 80 anaweza kuchanganya Uhuru wa 1961 na Jamhuri ya 1962. Tukakubaliana tusiseme neno mpaka tusikie upande wa milimani.

MILIMANI

Jumamosi tulipanda gari kuelekea Tarime. Njia inapita daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapomaliza safari yake ndefu kutoka milima ya Mau nchini Kenya na kuingia ziwani. Baada ya Utegi ardhi inaanza kuinuka, joto linapungua, na ukifika juu unakuta migomba, kahawa na mahindi kwenye miteremko. Asubuhi za Julai kuna ukungu. Mama alivaa sweta, akashusha kioo cha gari, akawa anataja majina ya vilima kimoja kimoja.

Bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi yetu, bado yu hai. Yeye hana kalenda ya Hijria wala ya ofisini. Ana kalenda ya Wakurya, inayoitwa esaro. Kila baada ya miaka michache, msimu wa jando ulipofika, vijana waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja, na rika likapewa jina. Mtu akitaka kujua umri wako alikuuliza rika lako. Ukilitaja, alijua nani mkubwa wako na nani mdogo wako, na nani umsalimu kwa heshima gani.

Tulimuuliza: mama alizaliwa rika gani likiingia? Bibi mdogo akataja rika lake mwenyewe. "Mimi nilipelekwa Desemba ile Mwalimu alipofanywa Rais. Mama yenu alikuwa anasimama dede. Alishika mguu wangu akaanguka, nikalia kwa maumivu."

Mwalimu Nyerere ni mtoto wa Butiama, mkoa huohuo wa Mara. Tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na yeye kuwa Rais wake wa kwanza, haikupita kimya huku. Mtoto anayesimama dede ana miezi tisa, kumi. Rudi nyuma miezi kumi kutoka Desemba 1962, unafika Februari. Kalenda ya bandarini na kalenda ya milimani, zinazohesabiwa kwa njia tofauti kabisa, zimekutana kwenye mwezi mmoja.

Lakini sikilizeni tena alichosema: "nikalia kwa maumivu". Kwa wasichana, kuingia esaro kulikuwa ni kukeketwa. Kumbukumbu iliyotupa mwezi aliozaliwa mama ndiyo kumbukumbu ya kisu cha bibi mdogo. Hatuwezi kuandika habari ya kalenda hii nzuri tukaficha hilo.

GAUNI LA PINI

Tulidhani hesabu imekwisha, kumbe ndipo ilipoanza. Mama aliolewa Musoma mwaka 1977. Hakuna ubishi kuhusu mwaka huo. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Kwa watu wa Tarime ilikuwa pigo, maana Sirari ndiyo njia yao, na vitu vingi vikawa adimu, nguo zikiwemo. Ndiyo maana mama hakupata gauni lake. Aliazimiwa.

Bibi mdogo alicheka alipolikumbuka. "Lilikuwa kubwa! Tulibana pini mgongoni kuanzia juu mpaka chini. Mabegani tuliweka vitambaa."

Sisi ni mafundi. Tunajua gauni la mtu mzima linapwaya wapi mwilini mwa mtu mzima mwembamba, na linapwaya wapi mwilini mwa mtoto. Tuliangaliana. Toa 1962 kwenye 1977.

Kitambulisho kinasema aliolewa akiwa na miaka 20. Alikuwa na miaka 15. Siku ya kuandikisha ndoa mwandishi aliuliza umri, mjomba akamtazama urefu akasema, "Ameshakua, andika ishirini." Makaratasi yote yaliyofuata yalinakili neno lile. Baba naye aliamini karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, kwa hiyo hata bila kudanganya ndoa ingefungwa. Ila hakuna aliyejisumbua kuhesabu.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua nilikuwa mdogo. Sikujua mdogo kiasi gani." Baba alikuwa mume mwema kwake na mzazi mwema kwetu, na mama hataki tuliandike jambo hili kama kesi juu ya marehemu. Hatuliandiki hivyo. Lakini usiku ule hatukulala vizuri, kwa sababu kaka yetu mkubwa alizaliwa 1978.

NG'AMBO YA MTO

Jumapili tulikwenda wilaya ya Serengeti, kwa binamu ya mama anayeishi Mugumu. Ukitoka Tarime kwa njia ya Nyamongo unauvuka tena Mto Mara, mto uleule wa Kirumi, na milima inabaki nyuma. Wageni wengi wakifika Mugumu wanawaza wanyama tu, maana Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951, iko jirani.

Binamu alituonyesha jambo jingine. Mugumu ipo Nyumba Salama, kazi ya Rhobi Samwelly, inayopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Tarime nako kipo kituo cha Masanga. Hatukuomba kuingia, kwani wasichana wale si maonyesho. Lakini binamu alitueleza kwa nini tarehe ya kuzaliwa ni kitu kikubwa huku. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Yote hayo yanasimama juu ya swali moja: binti ana miaka mingapi? Asiye na cheti, umri wake unabaki mdomoni mwa mjomba.

Dini yetu imeweka ridhaa ya bibi harusi kuwa jambo la lazima, wala haiungi mkono udanganyifu katika mkataba. Kuandika umri wa uongo ni uongo, hata ukiandikwa kwa nia ya kurahisisha mambo.

TULIPORUDI

Siku kamili hatukuipata, na hatutaipata. Tuna mwezi: Ramadhani ya 1381. Mama amesema panatosha. Sasa tunafuatilia kuandikisha kizazi chake upya, tukiwa na maelezo ya mzee wa Musoma na bibi mdogo yaliyoapwa na kuandikwa. Tulimwambia anaweza kuomba pasipoti kwa tarehe ya zamani, aende Umra mapema. Akakataa. "Sitaki kwenda Makka na umri wa kubahatisha."

Mashoga zetu, mnao wazee nyumbani. Msiwaulize "ulizaliwa lini?" Watawajibu "sijui." Waulizeni mvua gani, njaa gani, rais gani, nani alikuwa anatambaa, nani alikuwa anaolewa. Andikeni, na mtaje aliyesema. Kalenda hizi zimo vichwani mwa watu, na kila mwaka tunazika kadhaa.

Na sisi dukani tumebadilisha jambo moja. Daftari letu la vipimo lilikuwa na bega, kifua, kiuno na urefu. Tumeongeza mstari juu kabisa: tarehe ya kuzaliwa ya bibi harusi. Wengi wanashangaa, wanasema fundi wa nini na umri? Tunawajibu kwa upole kwamba kuna gauni moja lililobanwa kwa pini mwaka 1977, na hatutaki kushona jingine kama lile.