Kutonesha

Umejikwaa jana, kidole kimevimba. Leo ndani ya daladala mtu anakikanyaga palepale. Huyo amekutonesha. Kitenzi hiki hakifanyi kazi penye ngozi nzima. Lazima jeraha liwe limetangulia. Ndiyo maana kinawafaa sana wale jamaa wa msibani wanaosubiri mfiwa anyamaze, kisha wanamuuliza, "Hivi mlichelewa kumpeleka hospitali?"

Magazetini, lakini, kila baya siku hizi "linachochewa". Kuchochea asili yake ni jikoni: kuzisukuma kuni ndani ya mafiga ili moto uwake vizuri, na bila hivyo maharage hayaivi. Kwa hiyo tunachochea pia ari na maendeleo, ingawa uchochezi humfikisha mtu kizimbani.

Basi mhariri, ukiandika kwamba kauli ya kiongozi "imechochea majonzi" ya wafiwa, futa. Majonzi hayachochewi. Andika kwamba kauli hiyo imewatonesha. Wasomaji wataelewa mara moja, na kichwa cha habari kitakuwa kifupi zaidi.