Historia ya Magari ya Kijani

Anayefuatilia nasaba ya gari kuukuu la zimamoto huanza mlangoni. Vikosi vya Uingereza vilikuwa na desturi ya kupaka jina la mji au la jimbo ubavuni mwa gari, pamoja na nembo yake, na maandishi hayo hayapotei kirahisi. Gari likiuzwa, mnunuzi hulipaka rangi nyingine. Likiuzwa tena, hupakwa tena. Lakini ukilowesha msasa laini ukasugua polepole, tabaka baada ya tabaka, herufi za zamani huanza kujitokeza. Ukishalipata jina la mji, kazi iliyobaki ina njia: lipo daftari la kikosi, zipo picha katika magazeti ya huko, wapo wazee waliowahi kulipanda.

Yako magari ambayo njia hiyo hayana. Ni zile Bedford za kijani kilichokoza ambazo Waingereza waliziita Green Goddess. Zote zilikuwa za rangi moja na umbo moja, na mwenyewe alikuwa mmoja: Wizara ya Mambo ya Ndani. Hazikuwa na jina la mji wowote. Leo ziko kwa wakusanyaji, kwenye mashamba na katika yadi za chuma chakavu, na kila moja ina mambo iliyoyapitia ambayo hayakuandikwa mlangoni. Ili kuyajua, hatuna budi kurudi kwenye usiku uliosababisha zitengenezwe.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, ndege za Ujerumani zilimwaga mabomu ya moto juu ya kitovu cha jiji la London. Ilikuwa Jumapili, maofisi na maghala yamefungwa, watu wa kuwahi moto ukiwa mdogo ni wachache. Mabomba makuu ya maji yalipasuka. Wazimamoto walikimbilia mto Thames wakaukuta umekupwa. Maji yalikuwa mbali, ng'ambo ya matope, na mipira yao haikuyafikia. Walisimama na pampu nzima huku mitaa ikiungua. Katika mtaa wa wachapishaji wa Paternoster Row peke yake viliteketea vitabu vinavyokadiriwa kufika milioni 5. Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo lilinusurika, moto ukiwa umelizunguka.

Funzo walilotoka nalo lilikuwa chungu na la wazi: mji mkubwa ukiungua wote kwa pamoja, maji ya mferejini si ya kutegemewa. Lazima yaletwe kutoka mtoni, ziwani au baharini, hata kama ni mbali. Mwaka 1941 vikosi vyote vya miji viliunganishwa kuwa jeshi moja la taifa la zimamoto, na Aprili 1948 vikarudishwa kwa serikali za mitaa. Mwaka uliofuata Muungano wa Kisovieti ulilipua bomu lake la kwanza la atomiki. Miaka hiyohiyo Uingereza ilikifufua kikosi cha akiba cha zimamoto, AFS, kilichokuwa na raia wa kujitolea, ikaagiza magari mapya kwa ajili ya vita ambavyo kila mtu aliviogopa.

Magari hayo yalitengenezwa kati ya 1953 na 1956, kwa maelfu. Chasisi ilikuwa ya Bedford, kampuni ya malori ya Vauxhall yenye makao yake Luton, na ilitoka katika jamii ileile ya malori iliyolibeba jeshi la Uingereza miaka hiyo. Injini ilikuwa ya petroli, silinda sita. Usukani ulikuwa wa kuzungusha kwa nguvu za mikono, na breki za aina ya ngoma, ambazo dereva alitakiwa kuzikanyaga mapema sana kabla ya kona.

Maana ya gari lenyewe inaonekana kwenye pampu. Tangi la toleo la magurudumu manne ya kuendesha lilibeba lita zipatazo 1,400 tu, ilhali pampu yake iliweza kusukuma zaidi ya lita 4,000 kwa dakika. Piga hesabu: tangi zima lingekauka chini ya nusu dakika. Basi lile tangi lilikuwa la kuanzia tu. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kando ya maji, kuyavuta, na kuyasukuma hadi kwa gari la pili, nalo lilisukumie la tatu, mpaka maji yafike kwenye moto kilomita nyingi kutoka mtoni. Katika misafara hiyo yalikuwemo malori ya kubeba mabomba ya inchi 6, na mengine ya kubeba vyelezo vya kujaza upepo vilivyopachikwa pampu ndogo, ili hata maji yakikupwa kama usiku ule wa 1940, pampu iyafuate yaliko. Kila ninapofikiria mpango huo naona jinsi watu waliouchora walivyokuwa bado wanayaona macho ya wenzao waliokosa maji.

Bodi hazikujengwa mahali pamoja. Chasisi ziligawiwa kwa viwanda mbalimbali, vingine vikiwa vya mafundi wa mabasi wenye sifa zao: Plaxton wa Scarborough, Park Royal wa London, Harrington wa Hove, Willowbrook wa Loughborough. Nyingine zilijengwa Papworth, kijiji cha Cambridgeshire. Hapo, tangu mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Dakta Pendrill Varrier-Jones alikuwa ameanzisha makazi ya wagonjwa wa kifua kikuu, akiamini kwamba mgonjwa anayepata nafuu anahitaji kazi ya heshima na ujira, si kitanda peke yake. Karakana zake zilikua hadi zikawa kiwanda. Kwa hiyo baadhi ya magari haya yalitoka katika karakana zilizoanzishwa kwa ajili ya watu ambao dunia ilikuwa imekwisha kuwahesabu kuwa hawafai kazi. Kibati kidogo cha kiwanda ndicho kinacholitambulisha gari la namna hiyo, na kibati hicho ndicho cha kwanza kuibwa au kung'olewa kwa ajili ya pambo. Nasikitika kusema hivyo, maana ni skrubu chache tu zinazoshikilia kumbukumbu nzima.

Vita havikuja. Mwaka 1968 AFS ilivunjwa, magari yakaingizwa maghalani. Hayakutupwa: yalitunzwa, injini zikawashwa kila baada ya muda, na moja ya ghala zilizojulikana ilikuwa Marchington, huko Staffordshire. Katika ukame mkali wa 1976 baadhi yalitolewa kwenda kusukuma maji, kazi ileile yaliyoumbiwa.

Kisha ikaja kazi ambayo walioyabuni hawakuiwazia. Tarehe 14 Novemba 1977 wazimamoto wa Uingereza nzima waligoma kwa mara ya kwanza, wakidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 30. Serikali ikayatoa magari ya kijani na kuyakabidhi kwa askari waliokuwa wamefunzwa kwa haraka. Mgomo ulidumu hadi Januari 1978. Novemba 2002 ukatokea mwingine, safari hii madai yakiwa asilimia 40, na magari yenye umri wa karibu miaka 50 yakarudi barabarani, zaidi ya 800, yakiongozwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa yalipotengenezwa. Hayakuwa na vifaa vya kukata mabati ya gari lililopata ajali wala mitungi ya hewa ya kuingilia kwenye moshi; vikosi maalumu vya askari vilibeba vifaa hivyo kwa magari mengine.

Hapa ndipo historia ya gari moja inapogawanyika. Mwananchi ambaye nyumba yake iliokolewa na askari mwenye umri wa miaka 19 analikumbuka gari la kijani kwa shukrani. Mzimamoto aliyesimama kwenye baridi nje ya kituo chake, akiota moto wa mbao ndani ya pipa, alilitazama likipita na kuona mgomo wake ukivunjwa mbele ya macho yake. Wako waliouacha mgomo kwa muda wakakimbia kusaidia waliposikia kuna watu ndani ya moto. Mtafiti akiandika upande mmoja tu, atakuwa hajaandika historia ya gari hilo, na mimi naona ushahidi wa wagomaji ndio unaopotea haraka zaidi, kwa kuwa picha nyingi zilizobaki ni za askari.

Katikati ya miaka ya 2000, baada ya sheria na mipango ya dharura kubadilishwa, Serikali iliyauza. Mengi yalikuwa yameshatoka kabla ya hapo, moja moja, kwa wakulima na makandarasi. Wengine waliing'oa bodi wakabaki na lori imara la kuvutia magari yaliyokwama. Wengine walihitaji pampu tu. Wakusanyaji walichukua mazima. Na baadhi yalisafirishwa kwenda kwa vikosi vya zimamoto vya nchi zinazoendelea, nyingi zikiwa za Afrika, ambako gari lisilo na kompyuta wala nyaya nyingi linaweza kufunguliwa na kufungwa na fundi mwenye spana na akili yake.

Kwa gari lililobaki Uingereza, namba ya usajili ndiyo msaada mkubwa. Kwa kawaida namba hukaa na gari maisha yake yote, na magari haya yalisajiliwa London kwa mafungu, ndiyo maana herufi kama PGW, RXP na SYH hujirudia kwenye mengi yao. Fungu humwelekeza mtafiti kwenye kipindi gari lilipoingia kazini. Lililovuka bahari huvuliwa namba hiyo na kupewa ya nchi nyingine, na hapo uzi hukatika.

Bedford si jina geni kwa mafundi wa Afrika Mashariki. Malori yake yalipita barabara zetu miaka mingi, na wako waliojifunzia ufundi chini ya matumbo yake. Fundi wa namna hiyo akikutana na moja ya magari haya limeachwa juu ya mawe, asitazame rangi, maana imeshabadilishwa. Atafute kibati. Kikisomeka SHZ, ni toleo la mwanzo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Kikisomeka RLHZ, ni lile la magurudumu manne. Kisha anakili namba ya chasisi na kupiga picha kibati cha aliyejenga bodi, kabla gesi ya mkata vyuma haijafika. Orodha zinazotunzwa na wapenzi wa magari haya Uingereza zina mapengo mengi, na namba ya chasisi ndiyo inayoweza kuliunganisha gari lisilo na jina na usajili wake wa kwanza wa London.