Fainali za WTA: kwa nini mashabiki hugombana kila Novemba

Kila ifikapo Novemba, tukishasoma matokeo ya tenisi kwenye taarifa ya michezo, simu huanza kuingia. Swali linalorudi zaidi ni hili: mchezaji alishindwa juzi, leo mnasema yuko nusu fainali, imekuwaje? La pili ni la viti. Wasikilizaji wanaoona picha kwenye simu zao wanashangaa ubingwa mkubwa namna hii kuchezwa mbele ya watu wachache. Tumeona tuyaweke majibu hapa kwa maandishi, mtu ayasome kwa nafasi yake.

Fainali za WTA ndiyo mashindano yanayofunga msimu wa tenisi ya wanawake. WTA ni chama cha wachezaji wa kike wa kulipwa, kilichoanzishwa mwaka 1973 chini ya uongozi wa Billie Jean King wa Marekani. Mashindano yenyewe yanakizidi chama umri, kwani yalichezwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Boca Raton, Florida. Bingwa alikuwa Chris Evert, msichana wa miaka 17, na hakuchukua pesa za ushindi kwa sababu alikuwa bado mchezaji wa ridhaa. Mwaka 2025 Elena Rybakina wa Kazakhstan aliondoka na dola milioni 5.235, zaidi ya shilingi bilioni 12 za Tanzania. Pesa hizo zitatajwa tena hapa chini, maana ndizo chanzo cha nusu ya ugomvi wote.

Wanaoingia ni wachezaji wanane tu, kwa kawaida wale waliokusanya pointi nyingi zaidi mwaka mzima, pamoja na jozi nane za wachezaji wawili wawili. Katika mashindano mengi ya tenisi ukishindwa mechi moja unafunga mizigo. Hapa wachezaji wanagawanywa makundi mawili ya wanne, kila mmoja anacheza mechi tatu, na wawili wa juu wa kila kundi wanaingia nusu fainali. Kwa mtu wa mpira wa miguu ni jambo la kawaida. Kwa shabiki wa tenisi ni mtihani wa hesabu.

Mfano mzuri ni kundi la mwaka 2024. Iga Swiatek wa Poland alishinda mechi mbili, akashindwa na Coco Gauff wa Marekani. Gauff naye alishinda mbili. Ikabaki mechi ya mwisho kati ya Gauff na Barbora Krejcikova wa Jamhuri ya Czech, na mashabiki wa Poland wakawa hawana njia ila kumwombea Mmarekani aliyemfunga mtu wao. Dua hazikufika. Krejcikova alishinda kwa seti mbili bila, na wote watatu wakawa na ushindi wa mechi mbili mbili. Ikabidi zihesabiwe seti: Krejcikova alishinda tano akapoteza mbili, Gauff nne kwa mbili, Swiatek nne kwa tatu. Swiatek akaenda nyumbani. Gauff, aliyetoka kushindwa, akamtoa Aryna Sabalenka katika nusu fainali, kisha fainali akamshinda Zheng Qinwen wa China katika mechi iliyozidi saa tatu na kuamuliwa kwa taibreka ya seti ya tatu.

Wapo wanaosema utaratibu huu si haki kwa kuwa bingwa anaweza kuwa mtu aliyepoteza mechi. Sisi tunaupenda. Aliyelipa nauli kwenda kumwona mchezaji wake ana hakika ya kumwona mara tatu, isipokuwa aumie.

Sasa tuje kwenye viti. Kwa zaidi ya miaka ishirini nyumba ya mashindano haya ilikuwa ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Hata fainali zake zilikuwa ndefu: kuanzia 1984 hadi 1998 bingwa alitakiwa kushinda seti tatu kati ya tano, kama wanaume kwenye mashindano makubwa. Mwaka 1990 Monica Seles na Gabriela Sabatini walizicheza zote tano. Baada ya New York mashindano yakaanza kuhamahama: Munich, Los Angeles, Madrid, Doha, Istanbul, Singapore, Shenzhen. Mwaka 2020 hayakuchezwa kwa sababu ya Covid.

Mwaka 2021 yalipelekwa Guadalajara, Mexico, mji ulio juu karibu sawa na Iringa, ambako hewa nyepesi huufanya mpira uruke haraka kuliko wachezaji walivyozoea. Watu walijaa, wakapiga kelele hadi usiku. Garbiñe Muguruza wa Hispania, mzaliwa wa Venezuela, alichukua ubingwa huku umati ukimshangilia kama mtoto wa mtaa, kwa kuwa alizungumza nao kwa lugha yao. Mwaka uliofuata yakaenda Fort Worth, Texas. Ukumbi ulikuwa mzuri na mkubwa, lakini siku za mwanzo viti vingi vilikuwa wazi.

Kisha ikaja Cancún mwaka 2023, na hapo mashabiki na wachezaji walisema kitu kimoja. Mahali pa kuchezea palitangazwa Septemba, wiki chache tu kabla. Ukajengwa uwanja wa muda, wa wazi, pwani, katika majira ya mvua na upepo. Sabalenka alisema hadharani kwamba ameona wachezaji hawakuheshimiwa. Mvua ilikatiza mechi hata fainali ikasogezwa hadi Jumatatu, na Swiatek akamfunga Jessica Pegula 6-1, 6-0. Matayarisho ya miezi miwili kwa ubingwa wa dunia ni kidogo mno. Hata mashindano ya kata hupangwa mapema zaidi.

Basi ilipotangazwa kwamba kuanzia 2024 mashindano yanahamia Riyadh, Saudi Arabia, kwa mkataba wa miaka mitatu, mashabiki walikwisha gawanyika. Kabla hata ya uamuzi, Chris Evert yule yule wa 1972 pamoja na Martina Navratilova, aliyelibeba kombe hili mara nane, waliandika gazetini nchini Marekani kuupinga. Hoja yao ilikuwa haki za wanawake na za wapenzi wa jinsia moja: chama kilichozaliwa kupigania usawa hakiwezi kufungia msimu wake katika nchi yenye sheria za namna ile. Balozi wa Saudi Arabia nchini Marekani, Reema bint Bandar, aliwajibu kwamba hawaoni hatua ambazo wanawake wa nchi yake wamepiga. Billie Jean King alikuwa upande wa kuzungumza na Wasaudi, akiamini mabadiliko hayaji kwa kukaa mbali. Gauff alikiri kuwa na wasiwasi, akaenda, akashinda.

Fedha zilikuwa wazi kwa kila mtu. Mfuko wa zawadi ulipanda kutoka dola milioni 9 za Cancún hadi milioni 15.25. Viti havikujazwa na fedha hizo: mechi za mwanzo za 2024 zilichezwa mbele ya watu wachache, ingawa fainali ilichangamka. Anayesema wachezaji wanastahili malipo hayo ana hoja. Anayesema ubingwa bila umati umepungukiwa ana hoja pia, na redioni tunalijua hilo vizuri, maana mechi isiyo na kelele nyuma ni ngumu hata kuitangaza.

Mwaka 2025 Rybakina alishinda mechi zake zote, akamaliza kwa kumfunga Sabalenka 6-3, 7-6. Lakini mashabiki wengi walijadili picha kuliko mabao: bingwa hakusimama kupigwa picha na mkuu wa WTA, Portia Archer. Wengi waliikumbuka adhabu ambayo chama kilikuwa kimempa kocha wake, Stefano Vukov, na kuiondoa miezi michache kabla ya fainali.

Kwa Afrika, jina la karibuni ni Ons Jabeur wa Tunisia, aliyefuzu 2022 na 2023. Cancún, baada ya kumshinda Marketa Vondrousova, alizungumza akilia kuhusu vita vya Gaza na kuahidi sehemu ya fedha zake kwa Wapalestina. Maneno yake yalisambaa kuliko matokeo ya mechi.

Mwisho, saa. Mashindano yakiwa Guadalajara, mechi ya saa moja jioni ya kule ilikuwa saa kumi alfajiri huku kwetu. Riyadh inatumia saa ile ile ya Afrika Mashariki, hivyo mechi ya saa moja jioni ni saa moja jioni, na mkataba wake unafika 2026.